Kuvumwani zinazofanana kwenye miti na mawe: mwongozo kamili wa kuzitofautisha

Bahasha ya kwanza niliyoiandika ilisomeka hivi: "kuvumwani ya kijani, juu ya jiwe." Ya pili: "kuvumwani ya kijani, juu ya mti." Nilishuka milima ya Uluguru na bahasha thelathini za namna hiyo, na wiki moja baadaye nilipozifungua mezani hata kijani chenyewe kilikuwa kimekwisha. Zote zilikuwa kahawia, zimejikunja kama majani ya chai. Nilikuwa nimeandika kitu kimoja tu kuhusu kila mmea, na kitu hicho ndicho kilichotangulia kupotea.

Tangu hapo rangi naiuliza mwisho. Kabla yake kuna maswali mengine yenye mpangilio wake: hiki ni kuvumwani kweli? Kinasimama au kinatambaa? Kikikauka kinafanya nini? Jani lina mshipa wa kati? Ncha yake ikoje? Ukiyafuata kwa utaratibu huo, nyingi za zile zinazokukanganya zitaachana zenyewe kabla hujagusa hadubini.

Mifano yangu ni ya milima ya Afrika Mashariki: Uluguru, Usambara, Kilimanjaro, Mlima Kenya. Majina ni ya Kilatini kwa sababu hatuna jina la Kiswahili la kila moja. Mtaani kila kitu cha kijani kinachotelezesha huitwa ukoga na mazungumzo yanaishia hapo. Neno kuvumwani nalo lina utata wake: ukilivunja unapata kuvu na mwani, na huo kwa haki ni wasifu wa laikeni, ambayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hapa nikisema kuvumwani nina maana ya ule mmea mdogo wenye vijani halisi, na laikeni nitaiita laikeni.

Vitu vya kubeba

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kuanzia. Ya mara 20 ni nzuri, ila eneo inaloonyesha ni dogo na mkono ukitetemeka huoni kitu. Ifunge kamba uivae shingoni. Lenzi iwe karibu kabisa na jicho, kisha mmea ndio uusogeze hadi uonekane vizuri. Wanaoanza hufanya kinyume: wanashika lenzi mbali kama mzee anayesoma gazeti, halafu wanalalamika kwamba haikuzi.

Beba pia chupa ndogo ya kunyunyizia maji, kibanio chenye ncha nyembamba, kisu butu, penseli (wino husambaa ukilowa) na bahasha za karatasi. Karatasi, si nailoni. Niliwahi kuacha sampuli kwenye mfuko wa nailoni siku tatu, na nilichokuta kilikuwa ukungu mweupe wenye harufu ya kapu la nguo mbichi. Bahasha hazina haja ya kununuliwa. Karatasi ya A4 iliyokunjwa mara tatu inafaa kabisa.

Kuhusu ruhusa: kuangalia kwa lenzi hakumsumbui mtu, lakini ndani ya hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi huruhusiwi kuchukua hata kipande bila kibali. Ukitaka kujifunza bila makaratasi, anza na ukuta wa nyumbani, mwembe wa jirani, au mawe ya kwenye shamba la mtu aliyekukubalia.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kuvumwani

Kwenye msitu wa mawingu, ule unaokaa ndani ya ukungu sehemu kubwa ya mwaka, kila tawi limevaa kitu. Mtaalamu kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliwahi kupima mimea inayoota juu ya miti huko Uluguru. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980, msitu mfupi wa juu ulikuwa na takriban tani 14 kwa hekta, wakati msitu wa chini yake ulikuwa na kama tani 2 tu. Katika tani hizo si kila kitu ni kuvumwani.

Anza na ndevu zinazoning'inia. Ndevu za kijivu au kijani kilichopauka zinaweza kuwa Usnea, ambayo ni laikeni. Jaribio lake ni rahisi na halidanganyi: chukua uzi mmoja mnene, uloweshe, ushike kwa vidole viwili kila upande, uvute polepole. Ganda la nje litakatika vipande kama rangi inayobanduka kwenye waya, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika kidogo kama mpira. Kuvumwani haina uzi huo. Ukiitazama kwa lenzi, ndevu ya kuvumwani ina shina lililovikwa vijani kila upande, mamia kwa mamia.

Wanaofuata ni livawoti, jamaa wa kuvumwani, na hawa ndio wanaonasa watu wengi. Livawoti zenye majani zina majani yaliyopangwa safu mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo mmea unaonekana bapa kama uliopigwa pasi. Mara nyingi kuna safu ya tatu ya vijani vidogo chini ya tumbo. Jani halina mshipa wa kati, na aghalabu limegawanyika au lina meno makubwa. Plagiochila, iliyojaa kwenye vigogo vya milimani, ni kijani yenye majani ya mviringo yaliyochongoka meno pembeni. Frullania hujibandika kwenye gome, mara nyingi ikiwa na rangi ya hudhurungi nyekundu hadi karibu nyeusi. Igeuze utazame chini kwa lenzi, utaona vijifuko kama kofia ndogo za chuma zilizopangwa mstari.

Vifuko vya spora, zile chembe ndogo za kuzaliana, navyo vinasema. Cha livawoti ni kidude cheusi cha mviringo juu ya kijiti laini kinachong'aa kama maji, hupasuka pande nne na ndani ya siku chache kimenyauka. Cha kuvumwani husimama juu ya kijiti kigumu, kina kifuniko na mara nyingi meno mdomoni, na kinaweza kudumu miezi.

Halafu kuna Fissidens, ambayo kwa mwaka mzima niliiandika livawoti. Ni kuvumwani, lakini majani yake yamepangwa safu mbili bapa kama unyoya wa kuku. Siri yake ni mambo mawili: kila jani lina mshipa wa kati, na chini ya jani kuna kijimfuko kinachokumbatia shina, kama jani limepasuliwa unene wake. Ukiona safu mbili pamoja na mshipa, simama ufikirie Fissidens kwanza.

Makangaga membamba ya familia ya Hymenophyllaceae pia huota katikati ya kuvumwani na hupitisha mwanga vilevile. Haya hayasumbui sana: mishipa yao inagawanyika matawi kuingia kila kipande cha jani, jambo ambalo kuvumwani haifanyi.

Hatua ya 2: Inasimama au inatambaa?

Chomoa kipande kidogo, kama ukucha wa kidole gumba, utenganishe mashina kwa kibanio. Kundi la kwanza lina mashina yaliyosimama wima, yamebanana kama mto wa kulalia au zulia fupi, na matawi ni machache. Kijiti cha kifuko hutokea kwenye ncha ya shina. Kundi la pili hutambaa, linatoa matawi kulia na kushoto, linasukana kama mkeka, na kijiti cha kifuko hutoka ubavuni mwa shina. Usihukumu kwa kutazama kwa juu tu, kwa sababu Macromitrium, iliyo kawaida kwenye matawi, huonekana kama mto wa mashina yaliyosimama. Ing'oe kidogo uone chini: kuna shina kuu linalotambaa juu ya gome, na hivyo "vishina" vilivyosimama ni matawi yake.

Hatua ya 3: Ikauke, kisha ilowe

Tazama mmea ukiwa mkavu kwanza, uandike. Kisha nyunyizia maji, uhesabu. Nyingine hufunguka ndani ya sekunde tano ukiwa umeshika lenzi, majani yakijitandaza mbele ya macho yako. Nyingine huchukua dakika.

Hapa ndipo jamaa watatu wa kwenye matawi wanapoachana. Macromitrium ikikauka, majani hujizungusha kwenye tawi kama nyuzi za kamba ya katani. Orthotrichum hubaki na majani yaliyonyooka, yamelala tu karibu na shina, na hukaa kwenye vishungi vidogo vya mviringo bila shina linalotambaa. Zygodon inafanana na Orthotrichum kiasi cha kuudhi. Mwenye bahati akipata vifuko atazame kofia inayovifunika vikiwa vichanga: ya Orthotrichum ina mikunjo kama sketi na mara nyingi ina nywele, ya Zygodon ni laini, haina mkunjo wala unywele.

Hatua ya 4: Tafuta mshipa wa kati

Kama una muda wa swali moja tu, uliza hili. Mshipa wa kati upo au haupo? Kama upo, unaishia wapi: chini, nusu ya jani, au unatokeza nje ya ncha?

Namna ya kuuona: lowesha tawi hadi lilainike. Shika ncha kwa vidole, weka kibanio karibu nayo, halafu kwangua kuelekea chini ili majani yang'oke mazima pamoja na kitako chake. Majani ukiyavuta kwenda juu hukatika, na sehemu ya chini uliyoiacha kwenye shina mara nyingi ndiyo uliyoihitaji. Weka majani matatu au manne juu ya kipande cha kioo na tone la maji, inua kioo kuelekea anga (usielekeze kwenye jua) na utazame kwa lenzi. Mshipa huonekana kama mstari mzito katikati. Chukua majani ya katikati ya shina; ya nchani hayajakomaa, ya chini yameliwa na umri.

Jihadhari na mikunjo. Leucodon, inayoota kwenye vigogo, ina majani yenye mikunjo ya urefu ambayo kwa lenzi hafifu inafanana kabisa na mishipa. Haina mshipa hata mmoja. Kwenye miti ya Erica ya Kilimanjaro inaweza kukutana na Antitrichia, nene na yenye matawi marefu vilevile. Antitrichia ina mshipa wa kati pamoja na mishipa midogo pembeni yake kwenye kitako cha jani, na ncha ya jani ina vijimeno vilivyopinda kurudi nyuma kama ndoano. Njia ya kumaliza ubishi ni kulibonyeza jani lililolowa kati ya vioo viwili: mkunjo hutanuka ukapotea, mshipa haupotei.

Swali hilohilo linazitenganisha ndevu za kijani za msitu wa mawingu. Pilotrichella ina majani yaliyobonyea kama kijiko, yamebanana juu ya tawi hadi tawi linakuwa mviringo kama mkia wa panya, na yanang'aa. Mshipa haupo, au ni alama mbili fupi sana kwenye kitako. Squamidium nayo inang'aa na matawi yake ni ya mviringo hivyohivyo, lakini kila jani lina mshipa mmoja unaofika katikati. Kundi la Papillaria lina mshipa mmoja pia, ila limefifia, halina mng'ao, kwa sababu seli zake zina vipele vidogo vinavyotawanya mwanga. Kitako cha jani kina masikio yenye mawimbi. Ukizishika kavu mkononi juani tofauti ya mng'ao unaiona hata bila lenzi. Hapo ndipo mahali pamoja ambapo naruhusu jicho litangulie.

Na zile zinazotambaa kwenye jiwe na mti bila kuchagua? Hypnum cupressiforme hubadilika sura mno kutoka mahali hadi mahali, lakini majani yake yamepinda kama mundu yote kuelekea upande mmoja, tawi likaonekana kama nywele zilizosukwa, na hayana mshipa wa maana. Brachythecium ina majani yaliyonyooka na mshipa mmoja unaopita nusu ya jani. Ukishazishika mbili hizo mara moja hutazichanganya tena.

Hatua ya 5: Ncha ya jani, hasa kwenye mawe

Mawe ya juani yamejaa kuvumwani zenye weupe. Weupe huo huwa wa namna mbili, na ndio ufunguo.

Bryum argenteum unaijua hata kama hujui jina: ile ya rangi ya fedha kwenye nyufa za saruji, pembeni mwa barabara, juu ya mapaa, kutoka miji ya tropiki hadi Antaktika. Vishina vyake ni vya mviringo kama viminyoo. Fedha yake inatokana na sehemu ya juu ya jani kukosa kijani kabisa. Seli hapo ni tupu. Iloweshe, na mng'ao unafifia, kijani cha ndani kinajitokeza.

Grimmia hukaa juu ya jiwe lenyewe kama mto mdogo mweusi uliooteshwa mvi. Hapa jani ni la kijani kizito hadi juu, kisha ncha inarefuka kuwa unywele mweupe unaojitegemea. Ukiilowesha majani hufunguka, lakini unywele unabaki pale pale, mweupe uleule. Braunia nayo hupenda mawe, ila haina mshipa wa kati, Grimmia inao. Na ukipanda juu zaidi, kwenye miamba mitupu ya Kilimanjaro au Mlima Kenya, utakuta kishungi cheusi kisicho na unywele wowote na kinachovunjika kirahisi ukikigusa. Hiyo ni Andreaea. Kifuko chake hakina kifuniko wala meno: hupasuka mistari minne ubavuni huku juu kukiwa kumeungana, kama taa ya karatasi.

Campylopus inahitaji uangalifu zaidi. Mshipa wake ni mpana sana, unaweza kuchukua nusu ya upana wa jani, kiasi kwamba anayeanza haoni mshipa kwa sababu anatafuta mstari mwembamba. Spishi mbili zina unywele mweupe na zimewachanganya wataalamu wenyewe kwa miaka mingi. Campylopus pilifer, iliyoenea Afrika, unywele wake umenyooka. Campylopus introflexus, ya kusini mwa dunia, unywele wake ukikauka hupinda nje kama pembe mraba, na shina likitazamwa kwa juu linafanana na nyota. Ya pili ilionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1941 na tangu hapo imesambaa Ulaya. Msomaji aliyeko huko ataikuta kwa urahisi kuliko mimi. Zitazame zikiwa kavu kabisa, maana zikiwa na umande hata ile ya nyota inanyooka.

Zile ndefu za kwenye kingo za barabara za milimani, zinazofanana na miche ya msonobari, ni jamii ya Polytrichum na Pogonatum. Hazikai sana kwenye miti, kwa hiyo kwa kifupi: kifuko chenye kona kama sanduku ni Polytrichum, cha mviringo ni Pogonatum. Ndani ya Polytrichum, P. piliferum ina unywele mweupe nchani, P. juniperinum ina kingo laini zilizokunjwa ndani na ncha fupi nyekundu, P. commune ina kingo bapa zenye meno.

Hatua ya 6: Andika mmea ulipokuwa unakaa

Tarehe, mahali, mwinuko kwa mita, kisha makazi yenyewe kwa undani. "Mti" peke yake hausaidii. Mti gani, gome laini au la mikwaruzo, kwenye shina, tawi au jani, urefu gani kutoka ardhini, kivulini au juani. Kwa jiwe, aina yake: kuna kuvumwani zinazotaka chokaa na zinazoikimbia. Kama hujui mawe, likwaruze upate unga, dondoshea siki. Ukiona povu, lina chokaa, kama yalivyo mawe ya matumbawe ya pwani. Itale haitoi povu.

Andika pia rangi, kwa kuwa itapotea. Na piga picha mbili kwa simu kupitia lenzi, moja ikiwa kavu na moja ikiwa imelowa.

Hatua ya 7: Pale lenzi inapokwama

Kuna jozi ambazo lenzi haitazimaliza. Ukiweza kupata hadubini, hata ya shule, tazama umbo la seli katikati ya jani: ndefu nyembamba kama minyoo (Hypnum, Pilotrichella), au fupi za mviringo (Orthotrichum, Macromitrium). Tazama kama zina vipele. Kwa Campylopus, kata jani vipande vyembamba kwa wembe mpya huku ukilibana chini ya kipande cha kioo: nyuma ya mshipa kuna matuta, ambayo kwa C. introflexus yana kimo cha seli moja au mbili, na kwa C. pilifer tatu na zaidi. Vipande kumi vya kwanza vitakuwa vinene. Endelea kukata.

Sampuli ikishindikana, iandike jenasi tu (jina la kwanza la Kilatini, kama Campylopus) na sababu ya kusimama hapo. Sehemu zinazohifadhi mimea mikavu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, zina sampuli za kulinganisha. Na kuvumwani kavu ni mvumilivu: miaka mingi baadaye ukiidondoshea maji majani yatafunguka tena. Katika zile bahasha thelathini za Uluguru nimeshazipa majina ishirini na mbili. Namba 17 bado imeandikwa kwa penseli: "Macromitrium, haina vifuko, rudi kipindi cha mvua."